Joho Lililokatwa Kabla ya Jina

Zamani fundi wa majoho alimjua mkuu mpya wa chuo kabla watu hawajamjua, akalimeza jina lake kama dawa chungu na kuendelea kukanyaga cherehani. Siku hizi jina linazagaa kwenye simu kabla kikao hakijafunguliwa, na majoho yanaletwa kwenye mifuko ya plastiki, saizi tatu kwa watu wote, kama jezi za wacheza mpira.

Fundi huyo watu walimwita Utepe, kwa sababu utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake hata msibani. Mkewe alisema ipo siku atazikwa nao. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya chuo, mkabala na geti la magari ya mizigo. Humo kulikuwa na meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, pasi ya mkaa aliyokataa kuiacha hata umeme ulipofika, na mkasi mkubwa uliotundikwa ukutani, ambao hakuna aliyeruhusiwa kuukatia karatasi. Ufundi aliupata kwa mzee mmoja mkali aliyemfundisha mambo mawili. La kwanza, usikate kitambaa kabla hujaupima mwili. La pili, utepe una macho, hauna mdomo.

Hilo la pili ndilo lililompa heshima. Joho la mkuu wa chuo lilichukua wiki kadhaa, maana kifua na mikono vilitariziwa kwa uzi wa zari, na zari haiharakishwi. Kwa hiyo palikuwa na utaratibu. Baraza la chuo likishamchagua mtu, kabla wakubwa hawajatia sahihi na habari haijatoka, katibu wa baraza alimleta mteule kwa Utepe kupitia mlango wa uani. Fundi alipima, akanyamaza. Wakuu wote waliopita mikononi mwake aliwajua hivyo, na hata mkewe hakuwahi kupata fununu.

"Huyu mume wangu ni kaburi," mkewe aliwaambia majirani. "Ila kaburi angalau huota majani."

Mtoto wao alikuwa mmoja, wa kike, na alikulia chini ya meza ya kukatia. Alijifunza kuhesabu kwa vifungo, na macho yake yalipima watu kabla hajajua kusoma. Mtu akipita nje alisema, "Baba, yule bega lake la kushoto limeshuka," na kweli limeshuka. Utepe alimwita Mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao, na moyoni alimwekea mkasi. Binti akachagua udongo. Alisomea sayansi ya udongo, akafaulu, akapewa kazi ya kufundisha palepale chuoni. Miaka ile mwalimu mwanamke katika idara yao alikuwa peke yake, kama jino la mwisho la kibogoyo. Aliingia ofisini na buti zenye matope. Wanafunzi wakamwita Mama Udongo, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa mapenzi.

Joho lake la udaktari alishonewa na baba yake. Lina ile skafu pana inayoning'inia mgongoni, na mbele skafu hiyo ina kitanzi kidogo cha kunasa kwenye kifungo cha shati. Utepe alikuwa ameshona vitanzi hivyo ujana wake wote bila kufikiri kwamba gauni halina kifungo mahali pale. Siku ya mahafali binti alipita mbele ya watu ameishika skafu kooni kwa mkono mmoja, maana ilikuwa inamvuta nyuma.

"Ilikuwa inakukaba?" baba alimuuliza nyumbani.

"Inatukaba wote, Baba. Tumeshazoea."

Hapo akakumbuka wanawake wachache aliowaona kwenye maandamano ya majoho mwaka hadi mwaka, kila mmoja mkono kooni. Alidhani ni madaha. Kuanzia hapo kila mwanamke alimshonea kishikizo cha ndani. Haya majoho ya leo ya mifuko ya plastiki yamerudi na kitanzi kilekile, na wanaoyavaa wanaendelea kushika koo na kutabasamu kwenye picha.

Binti alipanda polepole. Alipokuwa mjamzito alifundisha mpaka tumbo likawa linagusa meza. Mkuu wa idara akamwambia akapumzike, na alipokuwa anapumzika cheo akapewa kijana ambaye binti mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Aliporudi walimkabidhi kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao, eti kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Mumewe alipata kazi nchi ya mbali na akasahau njia ya kurudi. Akabaki na mtoto wa kike, ambaye babu alimpachika jina la Kifungo.

Akawa mkuu wa idara kwa sababu wanaume wa idara ile walikuwa wamegombana wote kwa wote na hakuna aliyekubali kuongozwa na mwenzake. Akawa naibu mkuu wa chuo. Mkuu alipougua na kustaafu, akaambiwa akaimu kidogo, mpaka apatikane mtu. Kidogo hiyo ikaota mvi. Alirudisha maji kwenye mabweni ya wasichana, akafungua maabara iliyokuwa imegeuzwa stoo ya viti vibovu, akawafukuza walimu wawili waliokuwa wakiwaita wasichana ofisini jioni. Bado barua zilizotoka kwake ziliandikwa chini: Kaimu.

Fundi viatu, jirani wa karakana, hakumwacha Utepe apumue.

"Mzee, mwanao bado anakaimu?"

"Bado."

"Basi na mimi nakaimu umaskini. Nangoja barua ya kuthibitishwa."

"Wewe ulishathibitishwa siku nyingi."

Hatimaye nafasi ikatangazwa, na binti akaomba. Wakati huohuo chuo kimoja kidogo cha kilimo, safari ya siku nzima kutoka pale, kilimwita awe mkuu wake. Kilikuwa na mabweni ya mabati na mashamba yaliyochoka, lakini mkuu wake ni mkuu, hakaimu. Walitaka jibu kabla ya Ijumaa kwisha. Jumapili alikuja na Kifungo kuwaeleza wazazi wake.

"Kule ni mkuu kamili?" mama yake aliuliza, akimimina chai.

"Kamili."

"Na hapa?"

"Hapa ni kungoja baraza. Wanakaa Jumanne."

"Mshika mbili moja humponyoka. Nenda kule."

"Hapa nimepajenga, Mama. Nikiondoka sasa watasema nilijua nitaanguka. Na mwingine akija baada yangu, mwanamke, watamwambia mwenzako alikimbia."

"Hao watasema tu. Hata ukifa watasema umekufa vibaya."

"Kule kuna intaneti?" Kifungo aliuliza.

"Kuna ng'ombe," bibi yake akamjibu.

Binti akacheka. Kisha akasema, bila kumwelekea mtu, "Ningejua baraza limesemaje kabla ya Ijumaa, kazi ingekuwa rahisi." Akamtazama baba yake kidogo, akayarudisha macho kwenye kikombe. Alikulia chini ya meza ile. Mlango wa uani aliujua. Hakuuliza. Katika nyumba ile kumuuliza Utepe habari za mlango wa uani ilikuwa kama kumvua nguo mbele za watu.

Jumatatu stoo ya chuo ilimletea Utepe kitambaa cha joho jipya, zambarau nzito yenye bitana ya hariri. Desturi ni kukiweka kabatini mpaka mteule aje. Utepe alikitandaza mezani akipapase tu. Alikuwa mtu mzima, mikono imeanza kutetemeka, na alijua joho hilo huenda likawa la mwisho. Tena alikuwa na hakika. Nani mwingine? Nani aliyekibeba chuo kile mgongoni? Akachukua chaki. Hakuhitaji utepe, mwili ule aliujua tangu ukiwa na urefu wa mguu wa cherehani. Akachora mabega membamba, la kushoto limeshuka kidogo kwa kubeba mifuko ya udongo miaka yote. Akautungua mkasi, akakata. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kukata kitambaa cha mtu ambaye hajaletwa. Alipomaliza alijiona mwepesi, hata akamsalimu fundi viatu kabla ya kusalimiwa.

Jumatano mchana mlango wa uani uligongwa. Utepe akavitupia shuka vipande vilivyokuwa mezani, akafungua. Katibu wa baraza aliingia kwanza, akiangalia sakafu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuletea mgeni."

Mgeni alikuwa mwanamume mrefu, mpole, ananukia sabuni nzuri, profesa aliyekuwa akifundisha nchi za nje. Akampa fundi mkono kwa heshima, akauliza habari za afya yake na akangoja jibu, jambo ambalo wengi waliopita mlango ule hawakulifanya. Hata chuki alimnyima fundi.

"Naambiwa wewe ndiye unayetuvisha wote," alisema.

"Wanaoletwa."

"Basi usinibane kwapa. Nikihutubia natupa mikono." Akacheka peke yake. "Nasikia kaimu aliyepo ni mchapakazi kweli. Nitamhitaji sana. Bila yeye hata choo cha ofisi sitakijua kilipo."

Katibu aliitazama saa ya ukutani, iliyokuwa imekufa tangu mwaka juzi. Simu ya mgeni ikaita, akaomba radhi, akatoka uani kuipokea. Katibu akasogea.

"Mzee, kura zilikaribiana sana."

"Sikuuliza."

"Walisema chuo hakijawa tayari."

"Tayari kwa nini?"

"Kwa... Mzee, unaelewa."

"Sielewi. Mwite mgeni nimpime, mkaa wangu unazimika."

Akampima. Bega hadi bega, alivizidi vile vipande kwa kiganja kizima. Kifua, mkono, kimo. Vipimo aliviweka kichwani kama kawaida yake. Walipoondoka alikaa kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti. Hakusikia uchungu. Alisikia kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, lakini si wako.

Alhamisi asubuhi alikuwa ameondoa shuka, anaangalia vipande vile na kufikiri namna ya kuviunga mabegani bila kuonekana, binti yake alipoingia kwa mlango wa mbele. Alikuwa anatoka shambani kwa wanafunzi, buti miguuni. Alikuja kuchukua sketi aliyoleta kupunguzwa.

"Baba, una kazi."

"Kazi haikosekani."

Akanyoosha mkono kuchukua sketi, akaona zambarau. Alisimama. Fundi alimwona macho yakitembea kwenye ukingo wa kitambaa, polepole, kama mtu anayesoma: shingo, bega la kulia, bega la kushoto. Akaweka kiganja chake juu ya bega la kushoto, pale liliposhuka. Anajua baba yake hakati kabla ya kupima. Anajua pia kwamba duniani yupo mtu mmoja tu ambaye baba yake hana haja ya kumpima.

Uso wake ukafunguka. Utepe hakuwa ameuona uso ule tangu zamani, enzi za vifungo.

"Sitauliza," binti alisema kwa sauti ya chini. "Nisije nikakuingiza dhambini."

Utepe akachukua pasi, akaanza kuipuliza makaa.

"Kesho nawajibu wale wa chuo cha kilimo."

Fundi akaendelea kupuliza. Majivu yalimwingia machoni, akayafuta. Binti akaikunja sketi, akamgusa bega, akatoka. Utepe alimfuata mpaka mlangoni. Alimwona akivuka barabara, akimpisha mwenye mkokoteni, akisimama kuongea na wasichana wawili wenye vitabu. Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa neno fupi, na umbali ulikuwa wa kuita bila kupaza sauti.

Wapo watakaosema alikuwa mpumbavu. Wamezoea dunia ambayo kila mtu ni tarumbeta, na mwenye siri huitafutia soko kabla haijapoa. Utepe alifikiri hivi: kama nikifungua mdomo kwa ajili ya mwanangu, basi hata zile siri nyingine sikuzitunza, nilikuwa nangoja tu ya kwangu. Mzee wake wa ufundi alikuwa amekufa siku nyingi na hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimdai ukimya huo. Katibu mwenyewe asingeshangaa, labda alitarajia. Lakini fundi alisimama pale mlangoni mpaka binti akaingia getini, kisha akarudi mezani, akaanza kupima vipande vya kuongezea mabegani.

Ijumaa binti aliwaandikia wale wa chuo cha kilimo kwamba anashukuru, ila hataweza. Jioni alipita kwa wazazi wake na keki, akasema ni kwa sababu ya Kifungo kufaulu jaribio. Mama yake alikula vipande viwili. "Baba yako mbona hali?" aliuliza. "Au meno?"

"Meno," Utepe akasema.

Wiki zile alishona vizuri. Huo ndio ukweli, na waliobaki wanaojua kushona watakubali. Maungo ya mabegani aliyafunika kwa zari, mchoro wa majani ukapita juu ya mshono kana kwamba ulikusudiwa tangu mwanzo. Binti alipita karakana mara moja tu, akabaki mlangoni kwa adabu, akageuza uso asione kilichomo kwenye cherehani. "Nikione sasa, haraka ya nini?" alisema, akacheka.

Jina lilitangazwa siku ya mvua. Mkewe Utepe alilisikia kwenye redio jikoni, akatoka na mwiko mkononi, akamtazama mumewe aliyekaa kwenye ngazi. Kisha akarudi jikoni, chakula kisiungue.

Chuo kile kilikuwa na desturi kwamba anayeondoka kitini ndiye anayemvisha anayeingia. Kaimu pia. Siku ya kusimikwa ukumbi ulijaa, matarumbeta yakapigwa, na Mama Udongo akaletewa joho juu ya sinia. Utepe alikuwa amekaa safu ya mbele, mahali ambapo fundi hukalishwa kila mara. Binti akalikunjua joho, akapanda kijukwaa kidogo kwa sababu mgeni alikuwa mrefu, akampandisha mkono mmoja, kisha wa pili. Akalitengeneza mabegani. Hapo vidole vyake vikasimama.

Vilisimama juu ya zari, vikashuka kwa ndani, kwenye mshono, vikaufuata kutoka shingoni hadi bega la kushoto na kurudi. Watu walidhani analainisha kitambaa. Mgeni akamnong'oneza kitu, pengine ahsante. Binti akainua kichwa, akamtafuta baba yake miongoni mwa watu, akampata. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu uliyewahi kuonana naye mahali, ukawa hukumbuki ni wapi. Kisha akashuka kwenye kijukwaa, akapiga makofi pamoja na wengine.

Alikuja karakana baada ya siku chache, mchana, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Alikuja lini kupimwa?"

"Jumatano."

"Mimi nilikuja Alhamisi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa bado hujaviunga vipande."

"Bado."

"Na ulikata kwa nini?"

"Nilitaka kulikata lako," alisema.

Binti akaitika kwa kichwa, kama mwalimu anayesikiliza jibu ambalo si baya, ila si la swali lile. "Ungesema neno moja, Baba. Ungetikisa kichwa tu, nilikuwa nimesimama hapo."

"Kazi hii haina mdomo."

"Najua. Nilikulia humu." Akainuka, akajipangusa sketi. "Umekula?"

"Nimekula."

"Haya."

Hakuna aliyepaza sauti. Wale wa chuo cha kilimo walikuwa wameshampata mwingine, mwanamume aliyeomba baada ya nafasi kubaki wazi. Mama Udongo akarudi kuwa naibu, na mkuu mpya alimhitaji kweli, kama alivyosema: binti alimwandikia hotuba, akamwendeshea vikao, akamfahamisha nani hapatani na nani. Mkuu alimsifu mbele ya watu kila alipopata nafasi. Binti alikuja kwa wazazi wake kila Jumapili kama zamani, akanywa chai, akauliza habari za miguu ya baba yake na hali ya mkaa. Mkewe Utepe aliendelea kumpikia mumewe na kumfulia. Utani wa kaburi aliuacha. Fundi viatu naye alikoma kuulizia mambo ya kukaimu. Alimsalimu Utepe kwa adabu iliyokuwa mbaya kuliko matusi.

Mahafali yaliyofuata hayakumhitaji fundi. Mkuu mpya aliagiza majoho ya kukodisha, mifuko kwa mifuko, na katibu alikuja kumweleza Utepe kwa maneno mazuri kwamba dunia imebadilika. Utepe akamwambia amesikia.

Baada ya hapo binti alipata kazi chuo kingine, mbali zaidi ya kile cha kilimo, mwalimu wa kawaida tu wa udongo. Alisema anataka kurudi darasani. Mama yake alisema atamsindikiza wiki chache, mpaka Kifungo azoee shule mpya. Utepe alimwona mkewe akifungasha: nguo, mashuka, kisha ile sufuria kubwa ya harusi yao, kisha picha ya marehemu mama yake iliyokuwa ukutani. Mtu wa wiki chache habebi picha ya ukutani. Utepe aliona, akamshikia kamba alipokuwa anafunga mzigo. Hakuuliza.

Mara ya mwisho aliwaona asubuhi, mbele ya nyumba. Gari la mizigo la kukodi lilikuwa limeingia uchochoroni na sasa linatakiwa kutoka kinyumenyume, na Kifungo alikuwa nyuma yake akimwongoza dereva kwa mikono, "Njoo, njoo, simama, njoo." Binti alikuwa amepanda juu ya mizigo anakaza turubai. Mkewe alikuwa ameshakaa mbele, ameshika mkoba mapajani, anakunja ushungi upya kwa kujitazama kwenye kioo cha pembeni.

"Baba, funga geti kuku wasitoke," binti alisema kutoka juu.

"Nitafunga."

"Dawa zako ziko kabatini, chini."

"Nimeziona."

Akashuka upande wa pili, akaingia. Kifungo akakimbia, akapanda naye, akapunga mkono dirishani na kusema kitu ambacho injini ilikimeza. Gari lilipofika barabarani lilisimama kumpisha mwendesha baiskeli, likageuka kulia. Utepe alifunga geti.